Nani amesema ni gauti?

"Mama ana gauti, aache kula nini?" Swali hili linaulizwa kila siku, na kosa liko mwanzoni kabisa: nani amethibitisha ni gauti? Mara nyingi ushahidi wote ni karatasi ya maabara inayoonyesha asidi ya yuriki imezidi kidogo. Haitoshi. Wengi wenye yuriki ya juu hawaugui gauti maishani, na mwenye gauti ya kweli akipimwa siku mguu umevimba anaweza kukutwa na kiwango cha kawaida. Kwa mzee ambaye figo zimechoka, au anayemeza vidonge vya presha vya kukojosha, yuriki kupanda ni jambo la kutarajiwa. Uthibitisho umo ndani ya kiungo: ute unavutwa kwa sindano na kutazamwa kwa hadubini maalumu, na fuwele za gauti huonekana zimechongoka pande zote mbili. Ute huohuo unaweza kuonyesha fuwele za kalsiamu, zinazopenda magoti ya wazee, au usaha.

Na maharage, ambayo ndiyo hukatazwa kwanza, yana kosa gani? Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004, uliofuatilia wanaume zaidi ya 47,000 kwa miaka 12, ulikuta nyama na vyakula vya baharini vinaongeza hatari ya gauti. Maharage na mboga zenye purini, kemikali ambayo mwili huigeuza kuwa asidi ya yuriki, haviongezi. Mtasema baba aliacha maharage akapona. Shambulio la gauti huisha lenyewe ndani ya wiki moja au mbili, ale asile. Kinachoniudhi ni kwamba bibi anaponyimwa maharage, pengine protini pekee aliyokuwa akiipata, baridi yabisi, ambayo huenda ndiyo ugonjwa wake wa kweli, inaendelea kumla viungo. Ugonjwa huo huweza kuanza hata baada ya miaka 60, tena kwa mabega, na asubuhi vidole vikashindwa kufunga kifungo cha gauni kwa saa nzima. Goti lililochakaa tu hulegea ndani ya nusu saa.

Ikithibitika gauti, kuna alopurinoli: anza na dozi ndogo, wala usiiache maumivu yakikoma. Baridi yabisi hutibiwa kwa methotreksati, mara moja kwa WIKI. Kuimeza kila siku kumeua watu. Diklofenaki ya kujinunulia dukani huumiza figo na tumbo la mzee. Kiungo kimoja kikivimba ghafla, kikawa cha moto, na homa juu, mpelekeni hospitali leo hii.