Uchachu Unaouza Mvinyo wa Kiingereza

Mwaka 2012, kampuni ya Nyetimber ya West Sussex haikutengeneza hata chupa moja ya mvinyo kutokana na mavuno yake. Baridi na mvua zilizuia zabibu kuiva inavyotakiwa, na wenyewe wakaona heri hasara ya mwaka mzima kuliko kuliharibu jina.

Baridi hiyohiyo ndiyo mtaji wa biashara hii. Huziachia zabibu za kusini mwa Uingereza uchachu mkali, ambao kwenye mvinyo wa kawaida ni kasoro lakini kwenye mvinyo wa mapovu ndio uti wa mgongo. Mwaka 2010, mvinyo wa Ridgeview, majirani wa Nyetimber, uliibuka bora kuliko shampeni za Ufaransa katika mashindano ya Decanter. Wafaransa wenyewe wakavuka bahari: Taittinger ilinunua ardhi Kent mwaka 2015, kwenye udongo wa chaki unaofanana na wa kwao Champagne.

Ukionjwa kwenye nyuzijoto 8 hadi 10, mvinyo huu huanza na harufu ya tofaa bichi na ndimu. Ukipungua baridi kidogo ndani ya glasi, huja harufu ya mkate uliotoka tanurini. Hiyo ni kazi ya hamira, kwa kuwa mvinyo huchachuka mara ya pili ndani ya chupa, kisha hulazwa juu ya masalia ya hamira, mara nyingi kwa miaka miwili, mitatu au zaidi. Ongeza miaka kama mitatu ya kusubiri mzabibu mchanga uzae, ndipo inaeleweka kwa nini chupa nyingi hufika pauni 30 au kuzidi.

Kwa bei hiyo, ni hasara kuufungua wakati wa kugonganisha glasi tu. Mahali pake hasa ni mezani. Samaki wa kukaanga na chipsi, chakula cha kila mtaa Uingereza, ndiye mwenzi wake mkubwa: uchachu hukata mafuta, na chumvi huulainisha uchachu. Chaza wa Whitstable nao huendana na ule wa zabibu za Chardonnay pekee. Keki ya harusi, ambayo ndiyo huandamana nao mara nyingi, haiufai kabisa. Sukari yake huufanya mvinyo uonekane mchungu na mwembamba. Kwa wapenda keki, Nyetimber hutengeneza demi-sec, iliyoongezwa sukari zaidi kabla ya kuzibwa kizibo cha mwisho.