"Kipozeo" Si "Maji ya Rejeta"

Kioevu kipozacho injini ya gari huitwa na madereva wengi "maji ya rejeta". Jina hilo lapotosha, kwani humfanya msomaji adhani kuwa maji matupu yatosha. Kioevu hicho ni mchanganyiko wa maji, glikoli na dawa za kuzuia kutu. Huzunguka injinini, hubeba joto hadi kwenye rejeta, nalo hutolewa hewani. Pasipo shinikizo, mchanganyiko wa nusu kwa nusu huchemka kwenye nyuzi 107 hivi za Sentigredi. Maji huchemka kwenye 100. Tena glikoli ya ethilini ni sumu ikinywewa. Yafaa basi wafasiri waandike "kipozeo", kutokana na kitenzi "pozea", na neno "maji" libakie kwa maji.