Injini za Ndege Zinazobana Mafuta: Ulaya Inavyotafiti kwa Pamoja

Mtahiniwa, kifungu cha ufahamu au cha ufupisho kinaweza kuchotwa popote: katika hadithi, kilimo, afya, hata sayansi na teknolojia. Wengi hukiogopa kile cha sayansi kwa sababu ya maneno mageni, wakaishia kunakili sentensi nzima nzima bila kuzielewa. Mada hii inakupa mfano wa habari ya namna hiyo, nayo inahitaji Fizikia na Kemia kidogo tu ambayo tayari umeisoma.

Unaposoma, shika hoja kuu moja: kila njia ya kuifanya injini ya ndege ibane mafuta huleta tatizo lake jipya. Ndiyo maana nchi za Ulaya, ambazo kampuni zake hushindana sokoni, ziliamua kutafiti kwa pamoja.

A. Injini ya jeti hufanyaje kazi?

Jaza puto pumzi kisha uliachie bila kulifunga. Hewa hutoka nyuma, puto hukimbia mbele. Hiyo ni kanuni ya tatu ya mwendo ya Newton: kwa kila kani kuna kani nyingine iliyo sawa nayo, inayoelekea upande wa kinyume. Injini ya jeti huisukuma hewa nyuma, nayo hewa huisukuma injini mbele. Kani hiyo ya kwenda mbele ndiyo tunayoiita msukumo.

Kazi hufanyika kwa hatua nne:

1. Feni kubwa ya mbele huvuta hewa. Sehemu ndogo ya hewa huingia katika kiini cha injini. Sehemu kubwa hupita pembeni ya kiini na kusukumwa nyuma moja kwa moja.
2. Kompresa huibana hewa iliyoingia kwenye kiini, hata ikawa na shinikizo kubwa na joto kali.
3. Katika chumba cha mwako, mafuta hunyunyizwa na kuwaka mfululizo.
4. Gesi za moto huizungusha turbini kabla ya kutoka nyuma. Turbini ndiyo inayoizungusha kompresa na feni.

Katika ndege nyingi za abiria za leo, sehemu kubwa ya msukumo hutokana na hewa ya pembeni ambayo haikuguswa na moto kabisa. Moto kazi yake kubwa ni kuizungusha feni. Kumbuka jambo hili, tutalihitaji mbele.

B. Kilo moja ya mafuta, kilo tatu za hewa ukaa

Mafuta ya ndege za jeti ni ndugu wa karibu wa mafuta ya taa. Kilo moja ya mafuta hayo ina takriban gramu 860 za kaboni. Karibu yote iliyobaki ni haidrojeni. Yakiungua, kaboni huungana na oksijeni ya hewani na kutoa kabonidayoksaidi, ambayo magazeti huiita hewa ukaa. Katika Kemia ulijifunza kwamba gramu 12 za kaboni hutoa gramu 44 za gesi hiyo. Basi:

860 × 44 ÷ 12 = gramu 3,153, yaani zaidi kidogo ya kilo 3.

Mwanafunzi anaweza kuuliza: kilo moja itazaaje kilo tatu? Uzito wa ziada ni wa oksijeni iliyochukuliwa hewani. Hapa pana funzo muhimu: kwa mafuta ya aina hii, njia pekee ya kupunguza hewa ukaa inayotoka kwenye injini ni kuchoma mafuta machache zaidi. Hakuna kichujio cha kuiondoa.

Uchafu wa pili ni oksaidi za naitrojeni. Hizi hazitoki kwenye mafuta. Hewa yenyewe ina naitrojeni na oksijeni, na joto linapokuwa kali sana gesi hizo mbili huungana. Oksaidi hizo hudhuru mapafu na huchangia mvua ya tindikali. Uchafu wa tatu, ukipenda kuuita hivyo, ni kelele kwa wanaoishi karibu na viwanja vya ndege.

C. Sukuma hewa nyingi, taratibu

Injini inawezaje kupata msukumo uleule kwa mafuta kidogo? Tuchukue injini mbili zilizofungwa kwenye jukwaa la majaribio, zikivuta hewa iliyotulia. Msukumo ni tungamo la hewa inayosukumwa kila sekunde mara kasi inayopewa. Nishati mwendo ni nusu ya tungamo mara kipeo cha pili cha kasi.

Injini ya kwanza husukuma kilo 100 za hewa kila sekunde kwa kasi ya mita 400 kwa sekunde.
Msukumo: 100 × 400 = nyutoni 40,000.
Nishati kwa sekunde: ½ × 100 × 400 × 400 = jouli 8,000,000.

Injini ya pili husukuma kilo 400 za hewa kila sekunde kwa kasi ya mita 100 kwa sekunde.
Msukumo: 400 × 100 = nyutoni 40,000.
Nishati kwa sekunde: ½ × 400 × 100 × 100 = jouli 2,000,000.

Msukumo ni uleule, lakini injini ya pili imeipa hewa robo tu ya nishati. Hewa iendayo taratibu pia haina kishindo kikubwa, hivyo kelele hupungua. Hii ndiyo sababu feni za injini zimekuwa zikipanuka kizazi hata kizazi. Ni sababu hiyohiyo inayoifanya ndege ya pangaboi, kama Dash 8-400 inayotumiwa na Air Tanzania katika safari za ndani, ibane mafuta katika safari fupi: pangaboi husukuma hewa nyingi kwa kasi ndogo.

D. Mivutano mitatu

Kama ni rahisi hivyo, mbona feni haikutanuliwa tangu zamani? Hapa ndipo penye kiini cha mada.

Mvutano wa kwanza: feni pana na kasi ya ncha. Wanafunzi wakizunguka uwanja wakiwa wameshikana mikono kwa mstari mmoja, aliye mwishoni hukimbia sana na aliye katikati hutembea tu. Vivyo hivyo, feni ikipanuka, ncha za mapanga yake hukimbia kupita kasi ya sauti, zikapoteza nishati na kupiga kelele. Feni inahitaji kuzunguka polepole, lakini turbini hufanya kazi vizuri inapozunguka kwa kasi. Dawa ni kuweka giaboksi kati yake. Injini za Airbus A220-300, ambayo Air Tanzania iliipokea kwa mara ya kwanza Desemba 2018, zina gia ya namna hiyo; zinatengenezwa na Pratt & Whitney ya Marekani, na MTU ya Ujerumani ni mmoja wa washirika. Huko Ulaya, Rolls-Royce ya Uingereza iliunda injini ya majaribio iitwayo UltraFan, na giaboksi yake ilijaribiwa Dahlewitz, karibu na Berlin. Mwaka 2023 injini nzima iliwashwa mjini Derby. Feni yake ina kipenyo cha zaidi ya mita 3 na nusu. Feni pana huongeza pia uzito na ukinzani wa hewa, hivyo mapanga yake yametengenezwa kwa nyuzi za kaboni na titani ili yawe mepesi.

Mvutano wa pili: joto. Kiini cha injini hubana mafuta zaidi hewa inapobanwa zaidi na gesi zinapokuwa na joto zaidi. Lakini joto hilo ndilo linalozaa oksaidi za naitrojeni. Kwa hiyo injini inaweza kupunguza hewa ukaa huku ikiongeza uchafu mwingine! Watafiti wamejaribu njia mbili kuu. Moja ni kuchanganya mafuta na hewa nyingi kuliko inayohitajika, ili mwali usiwe mkali mno. Nyingine ni kuipoza hewa katikati ya safari yake ndani ya kompresa. Hewa iliyopozwa huwa rahisi kubanwa. Ila kipozeo nacho ni mzigo, na kinahitaji nafasi.

Mvutano wa tatu: gamba la feni. Feni ya kawaida imezungushiwa gamba. Ukiliondoa, unaweza kutumia mapanga makubwa zaidi bila uzito wake. Kampuni ya Safran ya Ufaransa iliunda injini ya namna hiyo, yenye safu mbili za mapanga zinazozunguka kwa mielekeo ya kinyume, na kuijaribu mwaka 2017 huko Istres, kusini mwa Ufaransa. Lengo lilikuwa kupunguza mafuta kwa takriban asilimia 30 ikilinganishwa na injini ya CFM56. Lakini gamba lilikuwa na kazi: huzuia kelele, na panga likikatika hulizuia lisitoboe ndege. Likiondolewa, mambo hayo mawili lazima yatatuliwe kwa njia nyingine.

E. Kwa nini kwa pamoja?

Historia inasaidia kujibu. Frank Whittle, afisa kijana wa jeshi la anga la Uingereza, aliomba hati miliki ya injini ya jeti mwaka 1930. Mwaka 1935 ilipotakiwa kulipiwa ada ya pauni 5, serikali haikulipa, naye hakuwa na uwezo, hati ikafa. Ujerumani nako Hans von Ohain alikuwa akiunda injini yake, na ndege aina ya Heinkel He 178 iliruka kwa injini hiyo tarehe 27 Agosti 1939. Ndege yenye injini ya Whittle iliruka Mei 1941. Watu wawili walitatua fumbo moja kila mmoja kivyake, katika nchi zilizokuwa zikielekea kupigana.

Miaka 60 baadaye hali ilikuwa tofauti. Mwaka 2001 wataalamu wa Ulaya walitoa dira ya mwaka 2020: ikilinganishwa na mwaka 2000, ndege mpya ipunguze hewa ukaa kwa asilimia 50 kwa kila abiria kwa kila kilometa, oksaidi za naitrojeni kwa asilimia 80, na kelele inayosikika kwa asilimia 50. Umoja wa Ulaya ukaanza kuchangia miradi. Mradi wa VITAL, ulioanza 2005 ukiongozwa na Snecma ya Ufaransa, ulishughulikia feni, uzito na kelele. Mradi wa NEWAC, ulioanza 2006 ukiongozwa na MTU, ulishughulikia kiini cha injini.

Mwaka 2008 ilianza programu kubwa zaidi, Clean Sky, yenye bajeti ya yuro bilioni 1.6; nusu ilitoka Umoja wa Ulaya na nusu kwa kampuni. Ilifuatiwa na Clean Sky 2 mwaka 2014, kisha Clean Aviation mwaka 2021. Injini ya Istres ilizaliwa katika programu hizi, nayo UltraFan ilipata msaada wake.

Sababu za kushirikiana ni tatu. Kwanza, gharama: injini ya majaribio inaweza kushindwa, na hasara yake ni nzito kwa kampuni moja. Pili, ujuzi umetawanyika: Ujerumani ina mabingwa wa turbini, Uswidi na Hispania zina wa sehemu nyingine, na vyuo vikuu vina wataalamu wa hesabu na vipimo. Tatu, kama tulivyoona, tatizo la feni huzaa tatizo la turbini, na la turbini huzaa la mwako. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ushindani haukufutwa, lakini: kampuni hushirikiana katika utafiti, kisha kila moja huuza injini yake.

F. Soma takwimu kwa uangalifu

Rudi kwenye dira ya 2001 na uyatazame maneno "kwa kila abiria kwa kila kilometa". Hewa ukaa ya kila abiria ikipungua nusu, lakini safari za abiria zikaongezeka maradufu, jumla inayokwenda angani haijabadilika hata kidogo. Hivyo injini bora ni sehemu ya jibu tu. Mafuta yasiyotokana na petroli, kama yale yaliyotumika katika jaribio la UltraFan, ni sehemu nyingine. Ukikutana na asilimia katika kifungu, jiulize daima: asilimia ya nini, ikilinganishwa na nini?

Mambo ya kukumbuka

• Injini inayobana mafuta hutoa hewa ukaa kidogo, lakini haiwi safi kwa kila uchafu.
• Kusukuma hewa nyingi kwa kasi ndogo hutumia nishati ndogo kwa msukumo uleule.
• Kila hatua ya ufanisi ina gharama: uzito, kelele, joto au usalama.
• Ushirikiano hugawa gharama na kuunganisha ujuzi.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kuongeza joto katika kiini cha injini ni faida na hasara kwa wakati mmoja?
2. Injini P husukuma kilo 200 za hewa kwa sekunde kwa kasi ya mita 300 kwa sekunde. Injini Q husukuma kilo 600 kwa kasi ya mita 100 kwa sekunde. Linganisha msukumo na nishati zake.
3. Fupisha sehemu D kwa maneno yasiyozidi 60.
4. Hewa ukaa kwa kila abiria imepungua kwa asilimia 20, na abiria wameongezeka kwa asilimia 50. Urefu wa safari haukubadilika. Je, jumla imepungua?

Dondoo za majibu: Swali la 2: msukumo ni nyutoni 60,000 kwa zote, nishati ni jouli 9,000,000 kwa P na 3,000,000 kwa Q. Swali la 3: taja mivutano yote mitatu na dawa au tatizo la kila mmoja, acha majina ya kampuni na miji. Swali la 4: hapana, 0.8 × 1.5 = 1.2, yaani imeongezeka kwa asilimia 20.