Fahamu: Kijana akiumia ubongo, nani huibeba familia?
Oktoba 2006, Zackery Lystedt, mwenye miaka 13, alijigonga kichwa akicheza futiboli ya Kimarekani jimboni Washington. Alipumzika kidogo, akarudi uwanjani. Baada ya mechi alizirai. Madaktari wakamfungua fuvu kuuokoa ubongo uliovimba.

Miezi 9 ilipita kabla hajatamka neno. Miezi 20 alilishwa kwa mrija.

Uuguzaji wa namna hiyo haubebwi na mchango wa wiki ya kwanza. Mgonjwa hugeuzwa kitandani usiku kucha, hupelekwa mazoezi ya viungo, na mara nyingi mzazi huacha kazi. Jirani anayeshika zamu jioni moja humpa mama usingizi.

Ili yasiwapate wengine, wazazi wa Zackery, madaktari na wanasheria walipigania sheria ya jimbo la Washington iliyosainiwa Mei 2009: mchezaji anayeshukiwa kuumia ubongo atolewe uwanjani, asirudi bila idhini ya mtaalamu wa afya. Kufikia 2014, majimbo yote 50 ya Marekani yalikuwa na sheria ya aina hiyo.