Kwa Nini Mtoto Anayekohoa Anawekwa Chumba cha Peke Yake?

Mama analeta mtoto wake hospitalini. Mtoto ana homa, anakohoa, anapumua mbio. Mganga anamwambia, "Mama, mtalala katika chumba cha peke yenu." Mama anaogopa, anajiuliza moyoni, "Tumekosa nini?" Mama, hujakosa neno. Sikiliza sababu yake.

Mtoto akikohoa, vijidudu vya ugonjwa vinatoka pamoja na mate. Mate mengi yanaanguka karibu naye. Lakini vijidudu vya surua vinaweza kukaa hewani hata saa 2, mgonjwa akiisha kuondoka. Na katika kitanda cha pili pengine amelala mtoto mwenye bwaki. Surua ikimshika huyo, inaweza kumwua.

Tunapimaje? Kwanza tunahesabu pumzi kwa dakika 1 nzima, mtoto akiwa ametulia. Pumzi ni za mbio zikifika hesabu hii au kuipita:

Chini ya miezi 2: mara 60.
Miezi 2 mpaka 11: mara 50.
Mwaka 1 mpaka 5: mara 40.

Ukiona kifua kinabonyea chini ya mbavu kila anapovuta pumzi, usingoje kesho, mlete upesi. Hospitalini pengine tutaingiza puani kijiti chenye pamba. Mtoto atalia kidogo, kisha atanyamaza. Tukishuku kifua kikuu, pengine tutapima choo chake, kwa maana mtoto mdogo hatemi makohozi, anayameza.

Jibu la kipimo linaweza kukawia. Tukilingoja kabla ya kumtenga, wengine watakuwa wamekwisha kuambukizwa. Hata katika Walawi 13, kuhani alimtenga mtu siku 7 kwanza, kisha akamtazama tena.

Basi, mkiwa katika chumba hicho:

1. Acheni dirisha wazi, mlango ufungwe.
2. Naweni mikono kwa sabuni kabla ya kumgusa mtoto na baada yake.
3. Mtu mmoja tu abaki naye. Ndugu wa kanisa waombe nje, karibu na dirisha wasije.
4. Usimpeleke mtoto kutembelea wagonjwa wengine.
5. Endelea kumnyonyesha.

Mama, hatukumtupa mtoto wako. Wewe uko naye, na mganga anaingia kwake kila siku. Ukivumilia siku hizo chache, mtoto wa mwenzako naye atarudi nyumbani mzima.