Usiitupe Greatwall ya nyanya, bado iko na kazi

Kama ulikulia kijijini, Greatwall unaijua. Ile runinga ndogo ya picha nyeusi na nyeupe, mgongo mnene, iliyokuwa ikiwashwa kwa betri ya gari. Betri ikiisha chaji inapelekwa senta, na nyinyi mnakosa taarifa ya saa tatu hadi irudi.

Nilikuta moja kwa nyanya kule Wundanyi, imefunikwa gunia. Ilinyamaza 2015 Kenya ilipohamia matangazo ya dijitali, na hakuna aliyeigusa tena. Nikampa nyanya 500 bob. Akacheka: "Mjukuu wangu, unanunua jiwe?"

Nikaipakata kwa matatu hadi Voi. Mpango wangu ulikuwa niitoe matumbo yote, iwe tangi la samaki, nipige picha safi za mtandaoni. Bisibisi mkononi, nikampitia fundi mmoja hapa mjini. Akaninyang'anya.

"We kijana, unataka kufa?"

Sikiza alichonifunza, kitakusaidia. Runinga hizi zinatumia maelfu ya volti kuwasha kioo, na umeme huo unaweza kubaki ndani hata baada ya kuchomoa waya. Kile kioo hakina hewa ndani, ukikipasua vipande vinaruka. Tena glasi yake huwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Usifungue peke yako.

Fundi akabadilisha swichi na kapasita mbili, ikawaka. Kumbe haikuwa imekufa! Kilichokosekana ni king'amuzi. Shida ni kwamba Greatwall yangu ina tundu la antena tu, na king'amuzi kinatoa picha kwa zile waya za rangi tatu. Katikati unaweka modyuleta, kidude kidogo kinachogeuza picha iwe mawimbi ya antena. Halafu unazungusha kitufe cha stesheni pole pole mpaka picha itokee.

Juzi stima ikapotea mtaani usiku wa mechi. Flat screen zote kimya. Greatwall yangu inatumia volti 12, na king'amuzi changu pia (soma kibandiko cha chako kwanza). Nikaunganisha betri. Dakika kumi hivi, chumba kimejaa majirani, wengine wamesimama mlangoni.

Mimi niliacha chuo, na nimezoea kuulizwa ninafanya nini siku hizi. Usiku huo hakuna aliyeuliza.

Ukitaka kununua yako, sisitiza uione ikiwaka kwanza. Na ikiwa imekufa kabisa, usiitupe kando ya Mto Voi. Mpelekee fundi, atachukua vipuri.

Nyanya naye amesikia stori. Amepiga simu, anataka runinga yake. Jumamosi naipandisha Wundanyi pamoja na king'amuzi. Nimemuuliza kuhusu zile 500 zangu.

"500 gani?"