Je, Wajua? Mitindo ya Maandishi, Kutoka Kinyata Stores Hadi Saiba za Kawangware

Je, wajua kwamba mhariri wa mojawapo ya magazeti ya mwanzo ya Waafrika nchini Kenya alikuwa na nyumba Dagoretti? Katika miaka ya 1920 Johnstone Kenyatta, ambaye baadaye alijulikana kama Jomo, alijenga nyumba huko akaiita Kinyata Stores, kwa kuwa aliweka humo bidhaa za kuwauzia majirani. Mwaka 1928 akaanza kuhariri Muigwithania, gazeti la chama cha Kikuyu Central Association. Enzi hizo za herufi za madini ya risasi, fundi aliyepanga kwa mkono akiambiwa kichwa kikuzwe, alitoa vipande vyote akaanza upya na vingine.

Je, wajua kwamba kazi hiyo ya kurudia bado inafanywa kila jioni kwenye saiba, yaani vibanda vya intaneti na uchapaji, za Kawangware na Riruta, humohumo Dagoretti, ingawa kompyuta ilikuja kuiondoa? Itazame programu ya mazishi. Familia imeleta wasifu wa marehemu kwa WhatsApp, mazishi ni kesho. Kijana wa saiba anachagua kichwa cha kwanza, anakikoleza wino, anakikuza, anakipaka rangi, kisha anahamia cha pili. Saa mbili usiku shangazi anapiga simu: vichwa viwe vya zambarau. Kama kijana alivipa vichwa vyote mtindo mmoja wa aya, atabadilisha rangi mara moja ndani ya mtindo na kijitabu kizima kitatii. Kama hakufanya hivyo, anaanza upya ukurasa kwa ukurasa, na kimoja lazima kitamponyoka.

Mtindo wa aya hushika aya nzima: fonti, ukubwa, nafasi kati ya mistari, mpangilio. Mtindo wa herufi hushika neno au sehemu ya mstari tu. Ukikoleza neno moja, tumia wa herufi.

Je, wajua kwamba InDesign, programu ya Adobe ya kusanifu kurasa, inaweza kukoleza maneno yenyewe hadi inapokuta nukta mbili? Tangu toleo la 2003 unaweza kuweka mtindo wa herufi ndani ya mtindo wa aya. “Mwana wa:”, “Mume wa:”, “Ndugu wa:” yanakolezwa, majina yanayofuata yanabaki ya kawaida. Kwa orodha ndefu ya jamaa, sijaona msaada mkubwa kuliko huu.

Je, wajua maana ya alama ya kujumlisha kando ya jina la mtindo kwenye InDesign? Mtu ameyagusa maandishi kwa mkono na hayafuati tena mtindo wake. Shikilia Alt, bofya jina la mtindo, yatarudi mahali pake.

Je, wajua kwamba lugha nayo imo ndani ya mtindo? Hapa ndipo vitabu na majarida yetu mengi yanapoharibika. Mtindo ukiachwa kwenye Kiingereza, programu hukata maneno mwishoni mwa mstari kwa kanuni za Kiingereza, na “mwanafunzi” inaweza kugawanywa “mwanafun-zi”, silabi ya mwisho ikivunjwa katikati. Msomaji wa Gredi ya Tatu hastahili kufundishwa hivyo na ukurasa uliochapishwa. Chagua Kiswahili kama kipo. Kama hakipo, zima ukataji wa maneno ndani ya mtindo wenyewe.

Na majina ya Gĩkũyũ? Fonti nyingi za mapambo zinazopendwa kwenye kadi za harusi hazina ĩ wala ũ. InDesign itakuonyesha kisanduku chenye rangi ya waridi. Programu nyingine huazima herufi kutoka fonti tofauti, na jina la bibi harusi linatoka kama limeshonwa viraka. Chagua fonti yenye herufi hizo, mfano Gentium au Charis za shirika la SIL, ambazo ni za bure, uiweke kwenye mtindo mara moja.

Je, wajua InDesign ilitanguliwa na nini? PageMaker ya mwaka 1985, nayo programu ya kusanifu kurasa, ilitoka kwa kampuni ya Aldus, iliyopewa jina la Aldus Manutius, mchapishaji wa Venice ambaye mwaka 1501 alichapa Virgil kwa herufi za mlazo. Adobe iliinunua kampuni hiyo mwaka 1994. InDesign ikafuata mwaka 1999.

Je, wajua kwamba tangu mwaka 2004 kumekuwa na programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili? Jambo OpenOffice ilitafsiriwa na mradi uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mrithi wa OpenOffice, LibreOffice, ni wa bure, sawa na Scribus ya kusanifu kurasa, kwa hiyo bei si kizuizi kwa saiba yenye kompyuta mbili. Kwenye Windows, ukibonyeza F11 ndani ya LibreOffice Writer, orodha ya mitindo hufunguka. Kwenye InDesign, F11 hiyohiyo hufungua mitindo ya aya.